Mgema Anaposifiwa: Hewa ya Ukaa ya Kenya na Deni la Meru na Embu

Wahenga walilonga kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii inafaa kukumbukwa kila mara taifa la Kenya linaposimama mbele ya mataifa mengine na kupongezwa kwa uchache wa hewa ya ukaa inayotokana na viwanda vyake. Pongezi hizo si za bure. Takriban asilimia tisini ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mataifa yaliyotangulia kwa utajiri hayajafika hapo, na mengine hayatarajii kufika karibuni. Hata hivyo, sifa ikizidi humfanya msifiwa asahau aliyeshika kamba alipokuwa akiukwea mnazi.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya sifa hiyo ilijengwa kwa maji yatokayo kwenye misitu ya Mlima Kenya, na kwa kuni zinazokatwa katika mashamba ya wakulima wadogo wa Meru na Embu. Maji hayo na kuni hizo haziandikwi katika hesabu ya hewa ya ukaa ya viwandani. Kilichoandikwa ni kile kilichochomwa; kile kilichozuia kuchomwa hakina safu yake kitabuni. Jambo lisiloandikwa halilipwi, na lisilolipwa haliwezi kudumu.

Hesabu ya Miaka Sitini

Ni vyema kwanza kueleza kinachohesabiwa. Kabonidioksidi, yaani hewa ya ukaa, ikitajwa kuwa ni ya viwandani huwa inatoka katika vyanzo viwili. Chanzo cha kwanza ni fueli zinazochimbwa ardhini, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Kila lita na kila tani ya fueli hizo inayotumiwa katika mitambo ya umeme, viwandani, garini na majumbani hupigiwa hesabu ya hewa itakayotoka ikichomwa. Chanzo cha pili ni saruji. Jiwe la chokaa linapochomwa katika tanuri hugawanyika. Katika kila kilo 100 za chokaa safi ya mawe, kilo 56 hubaki tanurini na kilo 44 hupaa angani zikiwa hewa ya ukaa. Kwa hivyo, hata kama tanuri lingepashwa moto kwa miale ya jua, jiwe lenyewe lingali lingetoa hewa hiyo.

Kwa kipimo hicho, Kenya ya wakati wa uhuru ilikuwa ikitoa zaidi kidogo ya tani milioni mbili kwa mwaka. Kufikia mwaka wa 2000 kiasi hicho kilikuwa kimepanda hadi takriban tani milioni kumi. Katika miaka ya hivi karibuni kimekuwa kikikaribia au kuzidi kidogo tani milioni ishirini. Mtu akiitazama hesabu hii kwa jicho la juujuu atasema kwamba taifa limejiingiza katika uchafuzi mkubwa. Lakini hesabu haisomwi nusu. Sensa ya mwaka wa 1962 ilihesabu watu milioni 8.6 na ile ya mwaka wa 2019 ikahesabu milioni 47.6. Idadi ya watu imeongezeka zaidi ya mara tano. Ukigawa hewa hiyo kwa kila kichwa, Mkenya wa leo anatoa chini ya nusu tani kwa mwaka, kiasi ambacho hakijamwacha mbali sana babu yake wa mwaka wa 1962. Wastani wa binadamu wote duniani unakaribia tani tano, na wa raia wa Marekani ni takriban tani kumi na nne. Mchango wa Kenya katika jumla ya dunia haufiki hata sehemu moja katika kila elfu.

Aidha, mstari wa hesabu hii haukupanda kwa unyoofu kama mlingoti. Una vilele na mabonde, na kila kilele kina kisa chake. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa Mombasa mwaka wa 1963 kilikoma kusafisha mafuta ghafi mwaka wa 2013. Viwanda vya saruji vya Bamburi na Athi River vilianza vikiwa viwili, kisha vikaandamwa na wenzao. Magari nayo yaliongezeka mwaka baada ya mwaka. Mabadiliko ya aina hii huenda pole pole. Yako mengine ambayo huja kwa ghafla, katika mwaka mmoja au miwili, na ili kuyaelewa ni lazima msomaji aondoke Nairobi na Mombasa na kupanda hadi Embu.

Maji ya Rupingazi na Mitambo Minne

Mto Rupingazi unazaliwa katika msitu wa Mlima Kenya, unapita ubavuni mwa mji wa Embu, kisha unaungana na mto Thiba. Thiba nao huteremka hadi nyanda kavu za Mbeere na kumwaga maji yake katika bwawa la Kamburu kwenye mto Tana. Kutoka hapo, maji yaleyale hupitia mitambo ya Kamburu, yakapita Gitaru, yakapita Kindaruma, na hatimaye Kiambere. Tone moja la mvua lililonyesha juu ya Manyatta huzungusha mitambo katika vituo vinne kabla ya kuachiliwa liende zake Garissa na baharini. Ni vigumu kupata maji yanayofanya kazi ngumu kuliko hayo katika Afrika Mashariki.

Mabwawa haya ya mto Tana yalijengwa kwa mfuatano: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988. Masinga, lililo juu ya mengine yote, ndilo ghala linaloweka akiba ya maji ya masika na ya vuli ili mabwawa ya chini yasikaukiwe wakati wa kiangazi. Yakijumlishwa pamoja, mabwawa hayo matano yana uwezo wa takriban megawati 600. Katika miaka ya themanini na tisini, kabla ya mvuke wa Olkaria kuongezwa kwa kiasi cha haja, hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwasha taa za nchi na kuendesha viwanda vyake. Ikiwa kilowati moja ya umeme inayotolewa kwa saa moja na jenereta ya dizeli hutoa takriban kilo 0.7 za hewa ya ukaa, msomaji anaweza kujikadiria mwenyewe uzito wa hewa ambayo mabwawa haya yameizuia kwa zaidi ya nusu karne.

Umuhimu wa jambo hujulikana linapokosekana. Ukame ulioikumba nchi kuanzia mwaka wa 1999 ulipunguza maji ya Tana hata umeme ukawa unagawanywa kwa zamu mwaka wa 2000. Mitaa ilikaa gizani, viwanda vikapunguza kazi, na majenereta ya dharura ya dizeli yakaletwa kutoka nje. Hesabu ya hewa ya ukaa ya kipindi hicho inaonyesha kilele, kikafuatwa na mteremko mvua iliporejea. Hakika ukame si sababu pekee, kwa kuwa uchumi nao una mawimbi yake. Lakini haiwezekani kuusoma mwaka wa 2000 bila kuyasoma maji. Hali ilijirudia mwaka wa 2009 maji ya Masinga yalipopungua mno hata mitambo yake ikasimamishwa, na kwa mara nyingine dizeli ikawa mkombozi wa gharama kubwa. Kinyume chake, katika mvua za mwaka wa 2018, 2020 na 2024 Masinga lilifurika, na waliokuwa chini ya mto wakahama kwa sababu ya mafuriko. Maji ambayo hayakuzuiwa na msitu yanapokuja, huja yote kwa pamoja. Yanapokwenda, huenda yote kwa pamoja.

Hapa ndipo msitu unapoingia katika hesabu. Wapo wanaodhani kwamba mito hii inategemea theluji ya kileleni. Dhana hiyo ina uzuri wa picha lakini haina uzito wa ukweli. Barafu ya Mlima Kenya ni ndogo na inakwisha. Ile ya Lewis, iliyochunguzwa kwa muda mrefu kuliko nyingine, imepoteza sehemu kubwa kabisa ya ujazo wake tangu mwaka wa 1934. Kinachoilisha mito ni mvua inayopokelewa na msitu, ikanyonywa na udongo wake, ikaachiliwa kidogo kidogo katika miezi ya kiangazi. Barafu inayeyuka kwa kosa la viwanda vya mbali ambalo mkulima wa Runyenjes hana uwezo wa kulirekebisha. Msitu ni jambo lililo mikononi mwa Wakenya wenyewe.

Na mikono hiyo haikuwa safi siku zote. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka wa 1999 na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ulifichua ukataji wa miti ya asili, matanuri ya makaa na mashamba ya bangi ndani ya msitu wa Mlima Kenya na wa Imenti, upande wa Meru. Kwa hali hiyo, ukame haukuupata mlima ukiwa mzima; uliupata ukiwa na jeraha. Mwaka wa 2000 usimamizi wa msitu huo ulikabidhiwa shirika hilohilo, na tangu hapo sehemu nyingi zimerudi kuota miti. Kurejea kwa miti hiyo kumefanya kazi ya viwanda, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuiandika katika taarifa ya viwanda.

Isitoshe, lazima itajwe kejeli moja ambayo wazee wa Mbeere wanaifahamu vyema. Ujenzi wa mabwawa uliwaondoa maelfu ya watu katika ardhi ya mababu zao, hasa kule Kiambere. Kwa miaka mingi nyaya nene zilipita juu ya paa za nyumba zao zikielekea mijini, huku chini ya nyaya hizo watoto wakisoma kwa vibatari vya mafuta ya taa. Jirani wa mtambo alikuwa akinunua mafuta ya taa dukani ilhali mkazi wa mbali akipata mwanga wa maji. Usambazaji wa umeme vijijini umepunguza kejeli hiyo katika miaka ya karibuni, lakini haujaifuta.

Kuni Zisizo na Safu Kitabuni

Ukitoka katika nyanda za Mbeere na kupanda kuelekea mpaka wa msitu, unaingia katika ukanda wa chai. Embu ina viwanda kama Mungania, Rukuriri na Kathangariri. Meru ina Imenti, Kionyo, Githongo, Kinoro, Michimikuru na Kiegoi. Hivi ni viwanda vya wakulima wadogo, na ndivyo moyo wa uchumi wa sehemu hizo za mlimani. Jani la chai likishachumwa halina subira. Lazima lipelekwe kiwandani siku iyo hiyo, linyaushwe, lisagwe, liachwe libadilike rangi, kisha likaushwe kwa joto kali. Joto hilo hutoka katika mvuke, na mvuke hutoka katika boila inayochochewa kwa kuni.

Haikuwa hivyo kila mahali tangu mwanzo. Viwanda vingi vya chai nchini viliwahi kutumia mafuta mazito. Bei ya mafuta ilipopanda vikageukia kuni, na shehena za mikaratusi zikaanza kuonekana zikipangwa katika viwanja vya viwanda. Sasa, ni nini kilichotokea katika hesabu ya hewa ya ukaa? Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, hewa inayotokana na kuchoma kuni haijumlishwi katika safu ya nishati. Huandikwa kandoni tu kama kumbukumbu, kwa hoja kwamba mti mwingine utaota na kuinyonya tena, na kwamba iwapo msitu utapungua, upungufu huo utaonekana katika safu ya ardhi na misitu. Kwa hivyo kiwanda kilichoacha mafuta na kushika kuni huonekana kimetakasika, ilhali moshi ungalipo na bomba la moshi halijabadilika.

Kanuni hiyo haina hila ndani yake. Ina mantiki thabiti, mradi tu mti uliokatwa umepandiwa mwenziwe. Swali ni je, umepandiwa? Panapokuwa na msitu wa kiwanda unaovunwa kwa zamu, au mkulima wa Nkubu aliyepanda grevilea mpakani mwa shamba lake na kuiuza baada ya miaka kadhaa, jibu ni ndiyo, na sifa ni halali. Pale ambapo kuni zilitoka kwa dalali asiyeulizwa alikozitoa, jibu halijulikani, na hesabu inabaki kuwa dhana. Tofauti baina ya moshi safi na moshi mchafu haimo katika boila. Imo shambani, katika mkono wa anayepanda.

Mkono huo upo Meru, na umekuwa ukifanya kazi. Tangu mwaka wa 2004, maelfu ya wakulima wa Meru wamejiunga katika vikundi vidogo chini ya mpango wa upandaji miti uitwao TIST, ambao huhesabu miti hai shambani na kuuza katika soko la kimataifa haki ya hewa ya ukaa iliyonyonywa. Malipo yanayomfikia mkulima mmoja si ya kumtajirisha. Manufaa makubwa ni mbao, kuni, kivuli na maji. Hata hivyo, mpango huo umethibitisha jambo lenye uzito: kwamba mti wa mkulima asiye na shahada yoyote unaweza kuhesabiwa, ukakaguliwa na kuandikwa. Basi hakuna udhuru wa kudai kwamba mchango wa mashamba haupimiki.

Vivyo hivyo kwa mito midogo. Kiwanda cha chai cha Imenti kilijenga mtambo wake wa umeme wa maji, na karibu na mwaka wa 2010 kikaanza kuuza ziada kwa gridi ya taifa. Ziada hiyo haifiki megawati moja. Mbele ya Gitaru yenye megawati 225 ni kama kibuyu mbele ya bwawa. Lakini ni kibuyu cha wakulima wenyewe, na kila kilowati yake imechukua nafasi ya kilowati ambayo ingetoka kwingine.

Saruji Inapoupanda Mlima

Haitakuwa haki kuwapamba watu wa Meru na Embu kana kwamba wao ni wapandaji miti tu wasiokuwa na sehemu katika uchafuzi. Kenya ilitengeneza zaidi kidogo ya tani milioni moja za saruji mwanzoni mwa karne hii. Kufikia mwaka wa 2022 ilikuwa ikikaribia tani milioni kumi. Hakuna kiwanda cha saruji katika miteremko ya mlima, lakini saruji yenyewe imeupanda mlima kwa malori. Ghorofa za Meru mjini, maduka ya Maua, mabweni ya wanafunzi yaliyozunguka vyuo vikuu vipya vya Meru na Embu, yote yamesimama juu ya jiwe lililochomwa. Nyumba za mbao zilizokuwa fahari ya mlimani zinapungua, na mchanga wa mito ya Mbeere na Tharaka unachotwa usiku na mchana ili uchanganywe na saruji hiyo.

Huu ndio mkondo mpya wa hesabu. Zamani mstari ulikuwa ukipanda na kushuka kwa kufuata mvua. Sasa mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana vimeupunguzia umeme wa nchi woga wa kiangazi, na linaloendelea kuusukuma mstari juu ni saruji pamoja na mafuta ya magari. Hakuna mwenye haki ya kumwambia mwalimu wa Siakago asijenge nyumba ya mawe. Hata hivyo, ana haki ya kuambiwa kwamba mfuko wa saruji una moshi ndani yake, kama vile mkulima wa chai anavyostahili kuambiwa kwamba kuni yake ina sifa ndani yake.

Je, Kuna Haja Gani?

Wapo watakaouliza: ikiwa Kenya nzima haifiki hata sehemu moja katika elfu ya uchafuzi wa dunia, kuna haja gani ya kuumiza vichwa? Kwa nini asiulizwe aliyeichafua hewa kwa miaka mia mbili? Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Haki haimtaki anayetoa nusu tani abebe mzigo wa anayetoa tani kumi na nne. Na kama suala lingekuwa la kugawa lawama, mjadala ungeishia hapo.

Suala, hata hivyo, ni la utegemezi. Uchache wa hewa ya ukaa ya Kenya hauna mizizi katika katiba wala katika sera. Mizizi yake imo katika udongo wa msitu na ndani ya ardhi yenye mvuke. Maji yanapopungua, dizeli huagizwa kwa fedha za kigeni, na gharama ya mafuta hayo huongezwa katika bili ya kila mteja, akiwemo kinyozi wa Ishiara ambaye kijito cha kwao ndicho kilichokauka. Analipa mara mbili: kwa kukosa maji, kisha kwa kukosekana kwa maji. Pia ipo hatari ya pili. Umeme unapoyumba, hoja ya makaa ya mawe hupata nguvu. Mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe uliopangwa Lamu ulibatilishiwa leseni na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira mwaka wa 2019. Makaa ya mawe ya Mui, katika Kitui iliyo ng'ambo ya Tana kutoka Mbeere, yangali ardhini. Mto ukiwa na nguvu, hakuna atakayeyakumbuka. Ukidhoofika, yatachimbwa kwa jina la maendeleo, na sifa ya miaka sitini itapotea katika muongo mmoja.

Lugha ya Hesabu

Limebaki jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulitilia maanani. Kenya ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka wa 2016. Imeahidi mataifa mara kadhaa, kuanzia mwaka wa 2015, kupunguza hewa inayoongeza joto duniani. Ahadi hizo na hesabu zake ziliandikwa kwa Kiingereza, zikajadiliwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Pamoja na hayo, mkulima wa Kionyo anayeijua thamani ya mti wake kwa Kimeru, na kuijadili bei yake kwa Kiswahili, hana mahali pa kusoma kwamba mti huo umo, au haumo, katika hesabu ya taifa. Tatizo si ufukara wa lugha. Hewa ya ukaa, tanuri, jotoardhi, chanzo cha maji: istilahi zipo, na zinaeleweka. Kilichokosekana ni nia ya kuzitumia mbele ya mwenye mali.

Wazee wa Njuri Ncheke wa Meru walilinda misitu na maeneo matakatifu kwa kauli iliyoeleweka na kila mtu. Marufuku yao hayakuhitaji mkalimani. Haimaanishi kwamba taifa la leo lirudi katika marufuku ya kale. Inamaanisha kwamba sheria isiyoeleweka na anayetakiwa kuitekeleza ni sawa na mbegu iliyopandwa juu ya mwamba.

Yapo basi mambo matatu yanayostahili kufanywa. La kwanza, taarifa ya kila mwaka kuhusu hewa ya ukaa ya viwandani iandikwe pia kwa Kiswahili, na iambatane na safu ya pili inayoonyesha uchafuzi uliozuiwa na maji, msitu na mashamba, pamoja na mahali ulikozuiliwa. La pili, kila kiwanda cha chai kitangaze waziwazi kuni zake zilitoka wapi na ni miti mingapi iliyopandwa badala ya iliyokatwa, ili sifa ya moshi safi iwe na ushahidi. La tatu, sehemu ya mapato ya umeme wa mto Tana irudi kwa sheria, si kwa hisani, katika vyanzo vya maji. Mfuko wa maji ulioanzishwa mwaka wa 2015 kwa ajili ya sehemu za juu za mto Tana ulianza na mito ya Sagana, Maragua na Thika. Ni mfano mwema, na Rupingazi unastahili wema huohuo. Kathita na Mutonga vilevile, kwani hukutana na Tana chini ya Kiambere, mahali ambapo kwa miaka mingi pamepangiwa bwawa jingine kubwa. Itakuwa busara kulipia msitu kabla ya kulijenga bwawa hilo kuliko kujenga kwanza na kuomba mvua baadaye.

Kenya inastahili sifa inazopewa. Lakini mnazi una mwenyewe, na tembo halijitoi lenyewe katika kibuyu. Siku msitu wa mlimani utakapochoka, mstari wa hesabu utapanda, na hakuna hotuba itakayoushusha. Kabla ya siku hiyo kufika, mwenye kusifiwa na ateremke mnazini, amtafute aliyemshikia kamba, na amlipe haki yake.